Nzi wa Ami Musallam

Baba yangu, Sleyum bin Nassor, ana umri wa miaka sabini na tatu, na samaki wote anaowajali aliwavua kabla hajatimiza ishirini na mbili. Baada ya hapo alikuja Maskati, akaajiriwa kwenye idara ya maji, akaoa, akazaa, akastaafu, na muda wote huo hajapata kumpenda samaki wa baharini. Nguru humla kwa adabu tu. Akialikwa jodari humsifu mwenye nyumba, samaki hamtaji. Ukimuuliza samaki ni nini, atakwambia samaki ni trauti: anaishi kwenye mto wa baridi juu ya mlima, ana madoa ubavuni, na hakamatwi na mtu mwenye haraka.

Mimi ni binti yake mkubwa, Manal, na nina haraka. Nalisema hili mapema ili ujue unasimuliwa na nani.

Familia yao ilitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, ikatawanyika. Shangazi Mahbuba, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, aliozwa chapuchapu akapelekwa Dubai. Baba, kitinda mimba, alibaki Mombasa na mama yao mpaka mama alipofariki, kisha akachukuliwa na kaka yake mkubwa, ami yangu Musallam. Ami alikuwa karani kwenye kiwanda cha mbao karibu na Nyeri, chini ya milima ya Nyandarua. Fikiria vijana wawili wa pwani, hawajui hata soksi ni za nini, wanaamka asubuhi na kuona pumzi zao wenyewe.

Waliipenda baridi ile kwa sababu ya mto. Kila Jumamosi kiwanda kilipofungwa walipanda mlimani na hema la turubai, sufuria moja, unga, chumvi na ndimu mbili. Getini mwa hifadhi walichukua kibali cha kulala na cha kuvua, wakapita kwenye mianzi wakipiga makofi ili nyati wajue kuna watu. Walifunga hema ukingoni. Alfajiri turubai lilikuwa limekakamaa kwa umande ulioganda, wakasali wakitetemeka, wakaingia mtoni mpaka magotini na fito zao za kuvulia. Samaki wa kwanza aliliwa palepale, kwa mikono, kwa chumvi na ndimu. Baba akifika hapa kwenye masimulizi yake hunyamaza, na sisi tuliokulia kwenye masimulizi hayo tulijua kwamba anatafuna.

Trauti si mwenyeji wa milima ile. Waingereza walimleta zamani kutoka kwao, wakamtia mitoni ili wapate mchezo wa kupitisha siku. Baba hulitaja jambo hili kwa huruma kubwa. "Na yeye kaletwa," husema. "Kaletwa, kazoea, hana kwao kwengine."

Sasa, samaki huyu huvuliwa kwa nzi. Si nzi wa kweli. Ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya ya shingo ya jogoo na kuzungushiwa uzi, ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Ami Musallam aliwafunga nzi wake mwenyewe, kwa uzi mwekundu wa hariri, na mto mzima hapakuwa na mtu aliyemshinda. Lakini alipokaa kufunga alimpa baba mgongo. Baba akisogea, ami alijikunja zaidi. Kila kitu kingine alimfundisha: kurusha mshipi, kusoma maji, kuwasha kuni mbichi. Hicho hakumfundisha. Baba alijifunza kwa kubahatisha, na pale ami alipovua watano yeye alivua mmoja.

"Kaninyima," aliwahi kuniambia, mara moja tu katika maisha yangu. "Shati lake la mgongoni kanipa. Kile kaninyima."

Mwaka wa sabini na tatu baba alipata nafasi ya kuja Omani. Kwenye kituo cha basi cha Nyeri ami alimtia mkononi kikopo cha vidonge vya kifua. Ndani mlikuwa na nzi mmoja mpya, amechomekwa kwenye kikaratasi chenye majina yao wawili kwa herufi za Kiarabu: Musallam, Sleyum.

"Huyu usimtupe kwenye maji yoyote mpaka urudi," alisema. "Tutamtupa pamoja."

"Mwakani, inshallah," baba akajibu.

Mwakani ikawa kazi mpya. Mwakani ikawa harusi, ikawa mimi, ikawa wadogo zangu, ikawa ugonjwa wa mama uliochukua miaka tisa na mama mwenyewe. Wakapigiana simu kila Idi, na kila Idi baba alisema mwakani. Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba ami Musallam alifariki kulekule Nyeri. Habari ilimkuta baba kwa kinyozi. Alirudi nyumbani amenyolewa upande mmoja, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tangu hapo alianza kupanda juu ya paa. Nyumba yetu iko Al Khuwair, na juu yake pana matangi ya maji na madishi ya televisheni. Alisimama katikati ya vitu hivyo na ufito wake, akirusha mshipi usio na ndoana kuelekea kwa jirani. Jirani yetu Samir alimuuliza kwa upole leo kapata wangapi. "Leo maji machafu," baba akamjibu, na uso hakuubadilisha. Majira ya baridi sisi, sawa na nusu ya mji huu, hutoka kwenda kupiga kambi wadini, kwenye mabonde ya majabali yenye madimbwi: magari mawili, mikeka, mkaa, mishkaki, watoto wakipiga kelele. Baba hukaa ukingoni mwa dimbwi, visamaki vidogo vikimdonoa vidole vya miguu. "Maji haya hayaendi popote," husema, na hiyo kwake ni aibu ya maji.

Halafu kulikuwa na mambo ya majogoo. Baba alijaribu kumwiga yule nzi kwa miaka zaidi ya hamsini, na hakupata kumpata. Unyoya kwenye nzi wa kaka yake ulilala upande wa pili, kinyume na wake, na upande huo ndio uliomfanya aelee akicheza. Baba alikata shauri kwamba kosa ni la jogoo. Hakuna muuza kuku wa mtaa wa Hamriya ambaye hakumsumbua kwa kuomba manyoya ya shingo. Alikwenda Barka, alikwenda Nizwa, alimpigia simu mtu wa Sur ambaye hakumjua. Nansubuga, dada wa Uganda anayetusaidia kazi za nyumbani mwaka wa nne sasa, alimletea manyoya kwenye mfuko wa plastiki kila aliporudi kutoka Hamriya siku yake ya mapumziko. "Mzee, huyu alikuwa jogoo mkali sana," alimwambia. "Huyu atakubali." Hawakukubali.

Mwaka jana nilichoka. Nilikuwa nimemsikia akisema mwakani kwenye simu, na hakukuwa tena na mtu wa kumwambia ila mimi. Nikakata tiketi mbili za Februari, nikaandikia kambi moja ndani ya hifadhi ya kule Nyandarua, pembeni mwa mto, nikaomba kibali cha kuvua kwa jina lake. Nilipomwonyesha kile kibali kwenye simu alikisoma mara tatu, kisha akaniuliza kama nitaweza kulala nje bila kulalamika. Nikasema nitajaribu. "Hutoweza," akasema, na alikuwa na furaha.

Novemba akapata kiharusi. Si kikubwa, daktari alisema, na akipata nafuu anaweza kusafiri. Lakini mkono wa kulia ulilala. Ulimi ulirudi, mguu ulirudi, mkono ukabaki. Na baba, mtu aliyelelewa na mama yake kwamba mkono wa kushoto hauli wala hautoi, alikataa katakata kuutumia mezani. Alikubali kulishwa na Nansubuga kwa kijiko, amefumba macho. Mimi nilikasirika, nikasema dini haina uzito huo kwa mgonjwa. Akasema yeye hazungumzii dini, anamzungumzia mama yake. Jambo moja tu halikumtia wasiwasi. "Wewe utarusha mshipi," aliniambia, "mimi nitakaa kwenye kiti nikutukane. Lakini nzi wa Musallam ntamfunga mwenyewe kwenye mshipi, hata kwa meno."

Alipokuwa hospitalini aliogopa kikopo kisije kikapotea. Siku aliyorudi alikitoa kabatini akakiweka chini ya godoro lake, mahali salama.

Ndipo akaja Shangazi Mahbuba kutoka Dubai kumuuguza. Ana miaka sabini na sita na ameshona kofia tangu akiwa bibi harusi, zile kofia nyeupe za tobo zinazomla mtu miezi. Anahesabu kila kitu: tobo, ngazi, vidonge vya baba, maneno yangu makali. Alimpenda baba mapenzi ya mtu aliyetenganishwa na mdogo wake angali mtoto, akampata mzee. Alimwita Sleyum wangu, akamkanda mkono asubuhi na jioni.

Jumanne moja baba alikuwa kwenye mazoezi ya mkono, mimi kazini. Shangazi aliinua godoro abadilishe shuka. Akakiona kikopo, akakifungua.

Jiweke mahali pake. Chini ya godoro la mgonjwa: manyoya ya jogoo, uzi mwekundu, mafundo, chuma chenye ncha kilichotoboa karatasi, na kwenye karatasi majina ya kaka zake wawili. Mmoja ameshakufa. Wa pili ameanguka, mkono hauinuki. Hakuna mwanamke wa Kiunguja wala wa Kiomani wa umri wake ambaye angesita. Nansubuga alimwambia, "Bibi, hiyo ni ya kushika samaki, Mzee ananituma manyoya." Shangazi akamtazama vibaya, akamwambia anyamaze.

Aliketi akatia udhu upya, akachukua mkasi wake wa kofia na sindano, akayafungua mafundo yote, moja baada ya moja, akisoma. Alichana karatasi. Alitia kila kitu kwenye maji ya chumvi. Kisha akaita teksi, akamchukua Nansubuga, wakaenda mpaka Matrah, akavitupa baharini mkabala na Bandari ya Sultan Qaboos. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga, na Nansubuga anasema mzungu mmoja aliwapiga picha. Mimi hupita barabara ile kila siku nikitoka wizarani, Maskati ya zamani, kurudi nyumbani. Pengine niliwapita.

Baba aliuliza kikopo jioni ileile. Shangazi alikaa pembeni yake, akamshika mkono ule uliolala, uso wake umejaa nuru.

"Nimekutoa kaburini, Sleyum wangu. Mtu kakufungeni, wewe na Musallam. Nimekifungua kitu chenyewe, nimekitupa baharini. Sasa utapona."

Baba hakuelewa. Kisha akaelewa. Nilimwona akielewa, na sitaki kuliona jambo lile tena.

"Kilikuwa cha Musallam," alisema. "Kakifunga mwenyewe. Kwa ajili ya mtoni."

Shangazi alinitazama mimi, akamtazama Nansubuga aliyesimama mlangoni, akauachia mkono wa baba. Baba hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Aligeuza uso ukutani.

"Manal," akasema, "futa safari."

Siku tatu hakutoka chumbani. Hakutaka mazoezi. Nansubuga akimletea kijiko alifunga mdomo baada ya mara tatu. Shangazi alikaa sebuleni na kofia mapajani, hashoni. Nami nilizunguka nyumba ile nikibamiza makabati, kwa sababu nilimhurumia na nilimchukia, na sikujua nianze na lipi. Tiketi sikuzifuta. Kila nilipofungua simu nizifute niliona jina lake kwenye kibali, nikaifunga.

Ijumaa, baada ya chakula ambacho hakuna aliyekila, nilishindwa. Tulikuwa jikoni, mlango wazi.

"Shangazi, ungeuliza," nilisema. "Ungeuliza tu! Simu unayo mkononi. Nusu karne kakitunza, wewe umekimaliza kwa mkasi."

"Ungekiona wewe ungeuliza?" Alikuwa akilia na akikasirika kwa pamoja. "Mimi nnajua kitu kibaya nikikiona. Nimekaa saa nzima nnafungua. Mafundo kumi na moja, Manal! Mizunguko saba ya uzi, fundo, mitano, fundo, unyoya, fundo. Na vyote vimekwenda kinyume. Kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mwisho. Mtu mwenye kheri hafungi kwa kushoto!"

Kutoka chumbani sauti ya baba ikasikika, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Dada. Hebu rudia."

Tulikwenda. Alikuwa ameketi kitandani, amejiegemeza kwa mkono mmoja.

"Umesema vimekwenda wapi?"

"Kushoto," Shangazi akasema, kwa sauti ndogo. Alikaa taratibu kwenye kiti, kitambaa chake cha kichwa kikamteleza asikirudishe. "Ya Rabbi," akasema. "Musallam."

Hapo ndipo tulipoyasikia. Kwamba Musallam alizaliwa mtu wa kushoto. Alishikia kwa kushoto, alirushia kwa kushoto, alikula kwa kushoto mbele ya wageni. Mama yao alimfunga mkono ule kwa ukanda wa kanga, ukabanwa kiunoni, asubuhi mpaka jioni, karibu mwaka mzima. Chuoni, pale pa kusomea Kurani, mwalimu alimalizia kwa bakora.

"Wewe ulikuwa unanyonya," Shangazi alimwambia. "Mimi nilikuwa na miaka mitano. Usiku nilikuwa nikimfungulia nikimpapasa, vidole vimevimba. Akaacha. Sote tulijua kaacha."

Taya la baba likasogea taratibu. Nilidhani anamtafuna tena samaki wake wa mtoni, lakini sivyo.

"Miaka saba nimelala naye hema moja," akasema mwishowe. "Miaka saba ananipa mgongo. Mimi nikisema kaninyima." Aliinua mkono wake wa kushoto akautazama. "Alikuwa anaona haya. Kaka yangu alikuwa ananionea haya mimi."

Akalia. Sijawahi kumwona baba akilia kwa sauti, hata kwa mama. Shangazi alikwenda akakaa kitandani, wakalia wawili, watoto wa tumbo moja, wa tatu hayupo. Mimi nilisimama nikisema basi, basi, neno lisilo na maana yoyote.

Alipofuta uso alisema, "Nansubuga, lete manyoya."

Tulikaa meza ya jikoni. Nansubuga alimwaga mfuko mzima mezani, majogoo wote wa Hamriya waliolaumiwa bure. Baba alichagua unyoya wa kahawia wenye ncha nyeusi. Uzi mwekundu ulitoka kwenye kikapu cha Shangazi, na ndoana kwenye sanduku la baba. Tatizo likawa Shangazi. Alikubali kushika ndoana kwa kibanio cha nyusi, alikubali kuhesabu, lakini kufunga alikataa.

"Fundo mimi sifungi. Nnashika tu. Na kupulizia fundo sipulizi, hiyo kazi ya wachawi, usinambie nipulize gundi ikauke."

"Nani kakwambia upulize? Nansubuga atapuliza."

"Bismillahi," Shangazi akasema, akaibana ndoana. "Mizunguko saba, kuanzia nyuma."

Hakuna mtu duniani aliyejua alichokijua yeye. Vidole vyake vya kofia vilikuwa vimekihesabu kile kitu kikifunguka, na sasa alikirudisha kutoka mwisho kwenda mwanzo, bila kukosea. Lakini mkono wa kulia wa baba ulikuwa umelala mapajani. Ule wa kushoto ulishika uzi juu ya meza, ukasimama. Alimtazama dada yake. Alikuwa mzee wa miaka sabini na tatu anayengoja ruhusa, na nilitaka kusema kitu, na mara hiyo moja nikajizuia.

Shangazi hakuyaondoa macho kwenye ndoana.

"Vuta kwa kushoto, Sleyum," alisema. "Mama hayupo."

Baba akavuta. Ilikuwa kazi mbaya mwanzoni, uzi ukateleza, akaanza upya mara mbili, Shangazi akihesabu kwa sauti ileile. Saba, fundo. Mitano, fundo. Kisha unyoya. Aliuzungusha kwa kushoto mara moja, na ukalala. Ulilala kinyume, wenyewe, bila kulazimishwa, namna alivyoutafuta kwa miaka hamsini na mbili kwenye shingo za kuku wa nchi nzima.

Fundo la kumi na moja alilifunga macho yakiwa yamejaa, kwa kupapasa. Shangazi aliomba kalamu. Kwenye kipande cha karatasi aliandika majina mawili, akafikiri, akaandika na lake chini yake. Nansubuga alipuliza gundi.

Nikasema tiketi sijazifuta, na kwamba itabidi nikate ya tatu, kwa sababu kuna mtu itabidi ashike ndoana.

Baba hakunisikia. Alikuwa amemweka yule nzi kwenye kiganja cha kushoto, amemsogeza karibu kabisa na uso.

"Februari, inshallah," alisema, na hakuwa akisema nasi.